Tupeane uzoefu: polisi wakiingia chuoni, nani aliwaita na kwa karatasi gani?

Mwanzisha mada
Wadau wa vyuo vikuu Kenya, tuweke hapa tunayoyajua kwa undani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa taaluma na utafiti, na kifungu cha 29 cha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kinaurudia. Lakini lori la GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, likishapita getini, swali la kwanza liwe: nani aliliita? Azimio la Kampala la Novemba 1990, kuhusu uhuru wa wasomi Afrika, liliweka masharti matatu ya vikosi kuingia chuoni: maisha na mali viwe hatarini waziwazi, mkuu wa chuo aandike mwaliko, na kamati iliyochaguliwa na wanataaluma iuidhinishe. Azimio si sheria, ila hakuna kinachozuia baraza la chuo kuyaingiza masharti hayo kwenye kanuni zake. Mwaliko wa simu kati ya naibu chansela (ndiye mkuu wa chuo) na OCS (mkuu wa kituo cha polisi) hauachi alama, na mwanafunzi akiumia kila mmoja humrushia mwenzake lawama.

Msomi wa Sheria
Tenganisheni ulinzi na upekuzi. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, magaidi waliua watu 148, na Recce, kikosi maalumu cha GSU, kilifika baada ya saa nyingi. Pale hakuna anayedai barua kwanza. Kuingia mabweni usiku kuwasaka viongozi wa wanafunzi ni jambo jingine kabisa. Hati ya upekuzi hutolewa chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine ndani ya hati yenyewe. Isomeni: jina la mahali, kitu kinachotafutwa, sahihi ya hakimu. Wasipokuwa na hati, kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinamtaka afisa awe ameandika sababu zake kabla ya kuingia. Msimamizi wa bweni aombe kuiona karatasi hiyo, bila kusukumana na mtu mlangoni.

Katibu wa Chama
Kwa maandamano, taarifa ipelekwe kwa OCS si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Andikeni jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni) na njia mtakayopita. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri mrudi nayo. Wengi hukwama hapa: barua inaachwa mapokezi bila muhuri, kisha kituo kinasema hakikupokea kitu, na mkutano unaitwa haramu.

Msomi wa Sheria
Na aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, Kifungu cha 49. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kurudi, hailipiwi. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti hapo hapo kaunta.

Mhudumu wa Zahanati
Aliyeumia atibiwe kwanza. Kisha aripoti kituoni apewe namba ya OB (kitabu cha matukio), na daktari ajaze P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha. Uvimbe hushuka siku chache tu, kwa hiyo pigeni picha za majeraha mapema, na daktari aandike ukubwa wa kila jeraha kwa sentimita na mahali lilipo. "Ana maumivu mwilini" haisaidii kesi yoyote.

Katibu wa Chama
Siku hiyo hiyo mwandikieni mkuu wa usalama wa chuo ahifadhi picha za kamera za getini na mabwenini, kwa saa mnazozitaja. Mashine hurekodi juu ya za zamani diski ikijaa. Malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, yawe na namba ya gari, na namba ya huduma au jina lililo kwenye sare: Jedwali la Sita la sheria ya polisi linataka vionekane wazi. Afisa akiwa amevificha, liandikeni hilo pia, pamoja na saa na mlango alioingilia.