Fonti ya brashi kwa bango la duka la viungo: Choc, Mistral, Brush Script au Pacifico?

Mkarafuu
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Natengeneza bango la duka la jamaa yangu hapa Pemba, litakaloandikwa «Viungo vya Chake Chake», naye anataka herufi nene zinazoonekana zimepigwa kwa brashi. Nimebakiwa na Brush Script ya Robert E. Smith (1942), Mistral (1953) na Choc (1955), zote mbili za Mfaransa Roger Excoffon, pamoja na Pacifico, ambayo hailipiwi. Ipi itasomeka na abiria aliye ndani ya daladala inayopita?

Bint Mkunazini
Waalaykum salaam, kaka. Mistral naipenda mno, lakini iondoe. Herufi zake hushikana kama mwandiko wa mtu, na maneno yetu yamejaa m, n, u na w. Andika «mnunuzi» kisha usimame mbali, utaona safu ya vijiti tu. Iache kwa kadi za harusi. Brush Script ina unene wa kutosha, ila jamaa yako asije akataka herufi kubwa tupu kama za jina la kanga, kwa kuwa herufi kubwa za fonti hiyo zimechorwa kwa ajili ya kuanzia neno, na zikipangwa pamoja hazisomeki.

Mpaka Rangi, Malindi
Kwa barabarani mimi nasimama na Choc. Herufi zake ni nzito, hazitegemei kushikana, na kila mpigo hukatika ghafla kama brashi iliyoinuliwa kwa nguvu. Usiitumie kwa maandishi madogo ya pakiti ya mdalasini, maana matundu ya a na e ni finyu na wino utayaziba.
Lipo jambo zito zaidi, nalo ni hilo «Chake Chake». Anayeandika jina la mashua kwa mkono hawezi kutoa k mbili zilizo sawasawa, ilhali fonti itakupa k ile ile mara mbili, pamoja na kila mkwaruzo wake, na jicho litatambua mara moja kwamba brashi haikupita hapo. Geuza maandishi yawe michoro katika Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kisha urefushe mguu wa k ya pili na kuinamisha h kidogo.

Bint Mkunazini
Naafiki. Pacifico leseni yake inaruhusu biashara, lakini umbo lake ni la mviringo na laini. Linafaa zaidi duka la sharubati kuliko pilipili manga na karafuu.

Mkarafuu
Ahsanteni sana. Je, nikiandika «Viungo» peke yake kwa Choc, kubwa, na «vya Chake Chake» chini yake kwa herufi za kawaida zilizonyooka?

Mpaka Rangi, Malindi
Hilo ndilo bora, na marudio hayatamsumbua mtu. Lipia leseni ya Choc kwanza. Kisha chapisha neno kwa ukubwa wa ubao, toboa kingo za herufi kwa sindano, weka karatasi juu ya ubao, pakaza unga wa mkaa upenye kwenye vitundu na kuacha alama, na umpe fundi apake rangi ya mafuta kwa mkono akifuata alama hizo.