Riwaya yangu imepoa baada ya harusi, naombeni ushauri

Kalamu Butu: Wakuu, heshima kwenu. Naandika riwaya ya mapenzi, sura 30, kila sura maneno kama 2,000. Wahusika wanaoana sura ya 14. Kabla ya hapo wasomaji walikuwa wananisumbua niwape sura inayofuata, sasa kimya. Nifanyeje ndoa isichoshe? Kuwaachanisha sitaki.

Mzee wa Koma: Umewaozesha mapema. Swali lililomvuta msomaji lilikuwa "watapatana?", na umeshalijibu. Ukiwaozesha katikati, swali jipya liwe limeshachomoza kabla ya sherehe. Samuel Richardson, mwandishi Mwingereza, alipoiongezea riwaya yake Pamela ya 1740 juzuu mbili za maisha ya ndoa mwaka uliofuata, hazikupata mvuto wa zile za kwanza. Swali lako la pili ni lipi?

Nukta Nane: Mimi naulizia jalada. Ukiweka mwanamume kifua wazi umeahidi uchumba. Msomaji akifungua akakuta mume anatafuta soksi, anajiona katapeliwa.

Hakimu wa Sebuleni: Riwaya hizi ndizo zinazoharibu ndoa. Mume wa kwenye kurasa hakoromi wala hadaiwi, halafu watu wanageuka kuwapima wenzao kwa kipimo hicho.

Bi Sura ya Mwisho: Hakimu, hilo lifungulie uzi wake. Msomaji wa riwaya hizi anajua tangu mwanzo kwamba watabaki pamoja. Anachofuatilia ni watakavyogharamia kubaki huko. "Nitakupenda daima" ni maneno ya bure. Uaminifu unaonekana pale mhusika anapokuwa na mlango wa kutokea, wazi na wenye faida, asitoke. Mleta uzi, mlango huo upo?

Kalamu Butu: Upo. Kuna mpenzi wa zamani wa mke.

Mzee wa Koma: Alitoka, hakutoka?

Kalamu Butu: Alitoka. Sura ya 19 anaondoka miezi mitatu, ya 20 anarudi, mume anasamehe. Ila msiniambie nifute, sura 22 zimeshawafikia wasomaji. Na mume ni mpole, ndivyo nilivyomjenga.

Bi Sura ya Mwisho: Kumbe tulikuwa tunatibu mguu, kidonda kiko kifuani! Miezi mitatu umeilipia kwa ukurasa mmoja. Huhitaji kufuta. Sura ya 23 iandike kwa macho ya mume: alitamka msamaha kwa kuogopa kuachwa tena, hakuwa amesamehe. Kuanzia hapo hadi ya 27, mke afanye mambo matatu ya kurudisha imani, kila moja gumu kuliko lililotangulia, na angalau moja limshinde. Asiwepo wa kumpigia makofi. Sura ya 26 yule wa zamani arudi na ahadi nono kuliko ya kwanza, mume asijue. Na tafadhali, usilete mimba wala ajali kumaliza ugomvi. Vikiwabakisha hivyo, hakuna aliyechagua kubaki.

Hakimu wa Sebuleni: Miezi mitatu! Na bado mnamtafutia sura za kumtakasa.

Shahidi wa Tatu: Ngojeni kidogo. Analalamika riwaya imepoa tangu sura ya 14, lakini mke kutoroka kakutaja baada ya kubanwa. Mtunzi gani anasahau kisa kikubwa kuliko vyote kwenye kitabu chake? Mswada haupo. Ama anavuna visa kutoka kwetu, ama huyo mume mpole tunaongea naye hapa.

Nukta Nane: 😂😂 Pole, mume mpole.

Kalamu Butu: Mswada upo jamani. Sura ya 20 inaanza hivi: "Alirudi Jumapili, akakuta ndara zake zimepangwa mlangoni, na moyo wa mume ukafurika msamaha usio na kifani."

Mzee wa Koma: Weka nukta baada ya "mlangoni", kinachofuata kata. Ndara zimeshasema. Hiyo ndiyo mbegu ya sura yako ya 23: mume alizipanga lini? Kama ni siku mke alipoondoka, alikuwa anasubiri. Kama ni asubuhi ile aliposikia anarudi, alikuwa anaficha kwamba alizitupa. Hao ni waume wawili tofauti, na kila mmoja atasamehe kwa njia yake.

Kalamu Butu: Asubuhi ile. Zilikuwa stoo, ndani ya mfuko.

Shahidi wa Tatu: Mfuko wa rangi gani, mkuu?