Seri iliyotazamwa zaidi: nifuate hesabu ya Netflix au ya Nielsen?

Mwana_Kadutu (Bukavu)
Jambo bandugu. Redio yetu imenipa emisyo ya sinema, Jumamosi jioni. Nataka kuifungua na swali ambalo vijana hawachoki kulibishania: ni kazi gani imetazamwa kupita zote? Nina pesa ya kulipia Netflix mwezi mmoja tu na mega za kumaliza seri moja, kwa hiyo nichukue ile yenye watu wengi. Lakini kila orodha ninayofungua inataja jina lingine. Nifuate ipi?

Yaya_Ibanda (Bukavu)
Umeuliza nusu. Filamu au seri? Dunia nzima au Marekani? Na ni wiki za kwanza au mwaka mzima? Sema kwanza.

Mwana_Kadutu
Seri, yaya. Dunia nzima. Tangu 2018 hadi sasa.

Fundi_Kamalondo (Lubumbashi)
Hapo kwenye "tangu 2018" ndipo kuna shida. Netflix imebadilisha kipimo njiani, tena zaidi ya mara moja. Bird Box ilipotoka mwisho wa 2018, walitangaza akaunti milioni 45 kwa siku 7, na akaunti ilihesabiwa ikiwa imetazama angalau asilimia 70 ya filamu. Baadaye dakika 2 zikatosha. Kwa dakika 2 hizo, Squid Game ya 2021 ikapewa nyumba milioni 142 kwa wiki 4 za kwanza. Mwisho wa mwaka huohuo wakahamia kwenye masaa: Squid Game ileile, masaa bilioni 1.65 kwa siku 28. Tangu Juni 2023 wanachukua masaa yote na kuyagawa kwa urefu wa kazi, na muda wa kuhesabu umekuwa siku 91. Hapo Squid Game inasimama kwenye mara milioni 265.2.

Seri moja, namba tatu, na zote ni za Netflix yenyewe. Ukisoma redioni milioni 45 ya Bird Box kando ya milioni 265, wasikilizaji watadhani watu wameongezeka karibu mara sita. Sivyo.

Moto_wa_Birere (Goma)
Mimi masaa tu. Mtu aliyekaa masaa 13 mbele ya Stranger Things ameipenda kweli. Kugawa kunapendelea vitu vifupi.

Fundi_Kamalondo
Angalia mwenyewe. Msimu wa nne wa Stranger Things una masaa 13, msimu wa kwanza wa Wednesday haufiki 7. Ndani ya siku 91 Stranger Things ilikusanya masaa bilioni 1.84, Wednesday bilioni 1.72. Kwa masaa, Stranger Things iko mbele. Gawa sasa: Wednesday mara milioni 252.1, Stranger Things mara milioni 140.7. Ni urefu ulioibeba.

Moto_wa_Birere
Na wewe angalia hii. Watu wanane wakitazama saa moja moja ya seri ya masaa 8, halafu wote wakaiacha, hesabu yako inaandika mtu mmoja aliyemaliza. Yuko wapi huyo mtu?

Mama_Himbi (Goma)
Wanangu, masaa yenyewe msiyaamini sana. Wakati wa vakansi nilinunua forfe ya mwezi, kampuni sitaitaja. Watoto wakaunganisha simu yangu na televisheni, wakaanza seri yao. Mimi nilikuwa nje nageuza sombe. Sehemu ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe, mnajua. Nilipoingia, watoto wote walikuwa wamelala kwenye mkeka, mdogo kashika kipande cha mkate mkononi, na skrini inauliza kama bado tunatazama. Asubuhi mega hakuna. Nikaenda kwenye ofisi yao, nikapanga mstari hadi adhuhuri, yule binti akageuza kompyuta nione: forfe imetumika, mama, lipa nyingine. Hata kueleza hakutaka. Iliniuma sana, pesa ile ilikuwa ya mwezi mzima.

Sasa masaa yale ambayo hakuna jicho lililotazama, yameingia kwenye bilioni zenu. Na siku umeme unaporudi jioni, watoto wa parsele yote wanajaa salon yangu mpaka mlangoni, kwa akaunti moja. Hao hakuna anayewahesabu.

Yaya_Ibanda
Pole mama. Ndiyo maana mimi napenda Nielsen, kampuni ya Marekani ya kupima watazamaji: wanapima majumbani badala ya kungoja Netflix ijisifu. Suits ilipata dakika bilioni 57.7 mwaka 2023, ikapita rekodi ya The Office ya 2020, bilioni 57.1. Na Suits ilikuwa imekwisha kutengenezwa tangu 2019!

Fundi_Kamalondo
Ni Marekani peke yake hiyo, yaya, na ni televisheni, simu hazimo. Mwenzetu anataka dunia nzima. Tena Suits ina sehemu 134, utailinganishaje na msimu wa kwanza wa Squid Game wenye 9?

Moto_wa_Birere
Hapa Birere watu wanajaza fleshi. Filamu inaelezwa kwa Kiswahili au Kinyarwanda na mtu mwenye maikro, na ndiyo inayopendwa kuliko ya asili. Weka hiyo kwenye emisyo.

Yaya_Ibanda
Inapendwa na nani? Yule mtu anasema juu ya sauti za waigizaji, nusu ya hadithi anaitunga yeye. Maandishi ya Kifaransa chini yanatosha.

Mama_Himbi
Yanamtosha aliyesoma. Mama yangu anafuata filamu kwa sababu ya huyo mwenye maikro.

Mwana_Kadutu
Aksanti sana wote. Naelekea kwenye siku 91, nianze 2021 na kuiacha Bird Box. Lakini mkubwa wangu kazini anataka masaa, anasema "bilioni" inasikika vizuri hewani.

Fundi_Kamalondo
Mpe yote mawili, kila namba na kipimo chake. Na kama angekubali filamu, KPop Demon Hunters ya 2025 ilifika mara milioni 325.1 kwa siku 91, imepita hata Squid Game. Ila ina saa moja na dakika 40 tu, kuirudia ni rahisi, watoto wanairudia.

Yaya_Ibanda
Squid Game saa hiyo ya jioni watoto wanasikiliza? Damu yote ile? Chukua Wednesday.

Moto_wa_Birere
Wednesday inakula mega ngapi kwa sehemu moja, kwenye simu?