Fitzgerald wa uwanja wa Killarney ni nani?

Kipanga_wa_Tabora: Wakuu, habarini. Dada yangu anafanya kazi hotelini Killarney, Ireland. Katuma picha ya uwanja wa huko, Fitzgerald Stadium, anasema ni jina la nahodha wa zamani wa mpira wa Kigaeli, ule mchezo wa Ireland wa kutumia mikono na miguu. Mwenye kumjua atujuze, alifanya nini mpaka apewe uwanja?

Mlinda_Nguzo: Mkuu, hapo umenigusa. Nimeishi Kerry, jimbo lenye mji wa Killarney, na katika manahodha wa zama zile sijaona wa kumfikia Dick Fitzgerald. Mzaliwa wa Killarney, 1882, klabu yake Dr Crokes. Akiwa na timu ya jimbo la Kerry alibeba ubingwa wa Ireland mara 5: 1903, 1904, 1909, 1913 na 1914. Hiyo miwili ya mwisho yeye ndiye nahodha, na mara zote fainali waliifunga Wexford, timu ya jimbo jingine. Ya 1914 ilirudiwa: mechi ya kwanza Kerry goli 1 na pointi 3, Wexford pointi 6. Goli (mpira wavuni) ni pointi 3, na pointi ni mpira kupita juu ya mwamba katikati ya nguzo; piga hesabu mwenyewe, ni sare.

Wengi husifia medali, mimi nasifia akili. Mwaka 1913 timu zilipunguzwa kutoka wachezaji 17 hadi 15, uwanja ukafunguka, na mchezo wa kubutua tu ukaanza kupoteza maana. Dick alikuwa na mguu wa kuchonga: yuko pembeni kabisa, pembe imembana, anaupiga mpira unajipinda hewani na kupita katikati ya nguzo. Na hakuficha ujuzi. Mwaka 1914, bado nahodha, akatoa kitabu cha kufundisha mchezo huo, cha kwanza kabisa.

Binti_Mwera: Nasikia Waingereza walimfunga jela?

Mlinda_Nguzo: Kweli dada. Alikuwa katika Irish Volunteers, kundi la wapigania uhuru wa Ireland. Baada ya uasi wa Pasaka 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza alipelekwa kambi ya wafungwa ya Frongoch, Wales. Hata humo ndani mpira ulichezwa. Wafungwa wa Kerry wakamenyana na wa jimbo la Louth, na Kerry iliongozwa na Dick.

Kifo chake kinaniuma mpaka leo. Septemba 1930 alianguka kutoka paa la mahakama ya Killarney, siku chache tu kabla ya fainali ya ubingwa wa Ireland. Kerry walicheza na msiba wao, wakaifunga Monaghan. Uwanja ulifunguliwa 1936.

Kipanga, mwambie dada asiishie kupiga picha nje. Kerry wakicheza na Cork hapo, akate tiketi mapema.