Naomba ushauri: kulainisha mbao bila vumbi la msasa
Ndugu mafundi, naomba ushauri wenu. Kwa kuwa vumbi jembamba la msasa hudhuru mapafu, na karatasi zake zilizochakaa huishia jalalani, nimeamua kutegemea mashine ya randa yenye visu vikali, nikiondoa unene usiozidi nusu milimita kila ninapopitisha ubao. Mbao zenye nyuzi zilizonyooka hutoka laini kabisa, tena zinang'aa hata kabla ya vanishi. Tatizo ni kandokando ya mafundo, ambako nyuzi hugeuka na kisu huzing'oa, kikiacha vishimo vinavyohisika kwa ncha ya kidole. Je, nibadilishe pembe ya kisu, nilowanishe uso kidogo kwanza, au sehemu hizo nizikwangue kwa bamba jembamba la chuma? Kurudi kwenye msasa, kwa kweli, sitaki.