Tovuti imejengwa upya, mibofyo imeshuka, mteja anataka namba moja: nianzie wapi?

Kayunga_Mtandaoni
Habari wadau. Nasimamia tovuti ya kampuni ya safari hapa Entebbe: gorila wa Bwindi, sokwe wa Kibale, Murchison. Imejengwa upya kwa WordPress na anwani za kurasa zikabadilika. Tangu hapo mibofyo kwenye Search Console (zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi watu wanavyomfikia) imepungua karibu nusu, na kurasa nyingi zinaonyesha Google imezipitia lakini haikuziingiza kwenye indeksi, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuonyesha kwenye matokeo. Mwenye kampuni naye kila asubuhi anatafuta "gorilla trekking Uganda" kwa simu, kisha ananitumia picha ya skrini akiuliza mbona hatupo juu. Nianze na lipi?

FundiTovuti
Pole ndugu. Maandishi usiyaguse kwanza. Linganisha miezi hii na miezi ile ile ya mwaka jana, si mwezi uliopita, maana Agosti na Aprili haviwezi kulingana katika biashara ya gorila. Mwonekano (mara ambazo kurasa zako zimetokea kwenye matokeo) ukishuka pamoja na mibofyo, shida iko kwenye indeksi au nafasi. Mwonekano na nafasi vikibaki palepale huku mibofyo ikipungua, basi ukurasa wa matokeo ndio uliobadilika: matangazo yameongezeka, au limewekwa juu lile jibu la akili mnemba ambalo Google ilianza kulitoa Marekani Mei 2024.

Ila anwani zikibadilika, mshukiwa wa kwanza ni uelekezaji, yaani anwani ya zamani kumpeleka msomaji kwenye mpya. Search Console hutunza data ya miezi 16, kwa hiyo kurasa za zamani zilizokuwa zikileta watu bado utaziona. Chukua 50 za juu, fungua moja moja. Kila moja iende kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ukurasa mpya unaojibu jambo lilelile. Mafundi wengi huzirundika zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizokuwepo, na faida ya viungo vilivyokuwa vikielekea huko inapotea. Acha uelekezaji huo usipungue mwaka mmoja.

Nyanja256
Naongezea kuhusu kurasa zilizopitiwa zikaachwa. Tovuti za safari zina ugonjwa wake: ratiba 40 zenye aya zilezile, kimebadilishwa jina la hifadhi tu. Google haina sababu ya kuziweka zote. Ziunganishe zibaki chache, kila moja iwe na kitu ambacho nyingine haina. Kwa Bwindi, eleza kwamba anayekwenda Buhoma kwa ndege hushukia Kihihi, na wa Rushaga au Nkuringo hushukia Kisoro. Hilo mtalii analitafuta kweli. Na kagua bei: kibali cha gorila kwa mgeni asiye mkazi ni dola 800 tangu Julai 2024, lakini kurasa nyingi mtandaoni bado zinasema 700. Msomaji akigundua hilo, hata simu hapigi.

Kayunga_Mtandaoni
Asanteni sana. Na uzito je? Picha ya juu ya ukurasa wa mwanzo ina MB 4.

FundiTovuti
Hiyo ipunguze leo. Upana wa pikseli 1600, aina ya faili nyepesi ya WebP, ijitahidi isizidi KB 200, na hiyo ya juu isiwekewe ule mpangilio wa kusubiri msomaji ashuke ndipo ipakuliwe. Lengo ni sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ripoti ya kasi kwenye Search Console hutumia data ya siku 28, kwa hiyo usishangae kesho ikiwa bado nyekundu.

MzeeWaJinja
Kijana, huyo bosi anatafuta akiwa Entebbe, wateja wake wako Ujerumani na Marekani. Matokeo anayoyaona siyo wanayoyaona wao. Chuja ripoti kwa nchi, umwonyeshe. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, kwa hiyo neno hilo lisiingie kwenye mkataba hata kidogo. Kila mwezi mpelekee idadi ya maombi ya bei yaliyokuja kwa fomu na WhatsApp, na ukurasa yalikotokea. Mengine mtajadili hapo.