Mombasa kwa ajili ya kula tu: tulale Mji wa Kale au Nyali?

Kiatu_cha_Safari
Wadau, habari zenu. Mimi na mwenzangu tumechoka na Nairobi, tunataka kushuka Mombasa kwa siku chache na kazi ni moja tu: kula. Ufuo tunaujua, mara hii hatuna haja nao. Tunataka biriani, viazi karai, samaki wa kupaka, mahamri ya asubuhi, vile vitu ambavyo huku bara tunauziwa majina yake tu. Ninachoshindwa kuamua ni pa kulala. Kuna chumba Mji wa Kale, nyumba ya zamani, ghorofa ya pili, kina feni. Halafu kuna fleti Nyali yenye jiko, AC na bwawa la kuogelea. Bei hazipishani sana. Ingekuwa ninyi mngelala wapi na mngekula wapi? Nataka kulipia wiki hii.

Kijana_wa_Kibokoni
Karibuni Mombasa. Lakini kaka, swali lako lina mapengo. Mnakuja mwezi gani? Mna gari au mnakuja na treni? Bajeti ya chakula kwa siku ni ngapi? Mnakunywa au hamnywi? Mtu hawezi kukushauri pa kulala bila kujua hayo.

Bi_Ubani
Hata kabla hajajibu, mimi nasema Mji wa Kale. Chakula cha Mombasa kina saa zake. Mahamri na mbaazi za nazi ni vya asubuhi na mapema, ikigonga saa 3 unakuta sufuria imeshakwanguliwa. Biriani na pilau ni za adhuhuri, na Ijumaa baada ya swala ndipo watu wanapopika kwa moyo. Alasiri karai zinatiwa moto: viazi, bhajia, mihogo. Mishkaki na mkate wa mayai ni mambo ya magharibi kwenda mbele. Anayelala karibu anateremka ngazi tu na kufuata harufu. Anayelala Nyali atavuka daraja kwenda na kurudi, na kila safari ni nauli na foleni, mwishowe atakula chipsi palepale alipo.

Kwa kuanzia: asubuhi nendeni Island Dishes, Kibokoni. Usiku Tarboush, barabara ya Makadara, mkakae nje muone mkate wa mayai unavyokunjwa: unga unavutwa mpaka unakuwa kama kitambaa, nyama ya kusaga na yai vinamwagwa katikati, pembe nne zinarudishwa ndani, halafu unageuzwa kwenye chuma. Uleni ukiwa moto, ukipoa unakuwa mgumu.

Baharia_wa_Nyali
Mama, kwa heshima zote, unaongea kana kwamba Nyali hakuna watu wanaokula. Tamarind iko Nyali, juu ya mwamba, unaitazama bandari ya zamani ng'ambo ya pili huku unakula kamba na kaa. Ni ghali, sikatai, lakini mtu aliyekuja kwa ajili ya kula lazima apange mlo mmoja wa namna hiyo. Tena fleti ina jiko. Unaamka, unanunua changu wabichi kwa wavuvi, unawapara na kuwachoma mwenyewe, tui la nazi unalikoroga na ukwaju na pilipili, unampaka samaki huku anaiva. Hoteli gani itakupa nafasi hiyo?

Halafu feni kwenye nyumba ya zamani yenye madirisha madogo... mwenye kuijua Mombasa ya mwezi wa 2 na wa 3 anajua ninachosema.

Nyota_ya_Nakuru
Kiatu, soma hii kabla hujalipia hiyo fleti.

Nilimpeleka mama yangu Mombasa, kazi ileile, kula. Mama alikulia Majengo enzi za ujana wake kabla hajaolewa bara, na alikuwa anatamani mbaazi za nazi tangu sijui lini. Nikakodi fleti iliyoandikwa Nyali, "dakika 10 kutoka mjini". Kufika, si Nyali, ni mbele huko kuelekea Bamburi, ndani ndani, barabara ya vumbi. Nikampigia mwenye nyumba, akasema eneo lote hilo watu wanaliita Nyali. Sawa. Tukaingia. AC haiwaki. Nikapiga tena, akanijibu kwamba tokeni za umeme ni juu ya mgeni, jambo ambalo halikuandikwa popote. Nikanunua. Maji ya bombani yalikuwa ya chumvi, ya kisima, chai haiwezekani kupikwa nayo, kwa hiyo nikawa nabeba madumu kutoka dukani.

Lakini kilichoniumiza ni asubuhi. Tumeamka saa 12, mama ameshavaa, amejifunga leso, amebeba na chupa ya chai ili tubebe mahamri turudi nayo. Teksi ikachelewa. Tukakwama kabla ya daraja la Nyali, magari hayasogei, kila mtu anaenda kazini kisiwani. Mama amekaa kiti cha nyuma ameishikilia ile chupa mapajani, haongei. Kufika, mbaazi zimekwisha, mahamri yaliyobaki yamepoa. Yule muuzaji alituonea huruma akatupa sahani ya mwisho ya chapati na maharagwe. Mama alikula akashukuru, lakini si kilichomleta. Siku iliyofuata nikahamia mjini na pesa za fleti sikurudishiwa hata senti. Kesho yake saa 1 asubuhi mama alikuwa na sahani ya mbaazi mbele yake.

Kwa hiyo mimi niko na Bi Ubani.

Dereva_Tuktuk
Pole sana dada. Lakini hiyo si habari ya Nyali, ni habari ya mwenye nyumba mwongo. Nyali yenyewe, pale karibu na daraja, ukitoka kabla ya saa 12 na nusu unaingia mjini bila shida. Jioni vilevile, foleni kubwa ni ya wanaotoka kisiwani kurudi Kisauni na Bamburi, anayeingia mjini jioni anapita. Kwa hiyo mtu wa Nyali anayetaka viazi karai jioni hasumbuki kuja, anasumbuka akitaka kurudi mapema. Akikaa mpaka saa 3 usiku njia nyeupe.

Na Kiatu, mkija na treni jueni kwamba stesheni iko Miritini, si mjini. Treni ya saa 9 alasiri inafika saa 2 usiku na kitu. Kukubaliana bei ya teksi mkiwa mmechoka na mizigo mkononi ni kujitia hasara, pangeni mapema.

Kiatu_cha_Safari
Asanteni sana, sikutarajia majibu mengi hivi. Nijibu maswali: tuko wawili, tunakuja na treni, daraja la kawaida, ile ya 1,500. Hatunywi. Chakula tumetenga kama 4,000 kwa siku. Tarehe ni wiki ya pili ya Ramadhani, ndipo nilipopata likizo. Na mwenzangu ana mimba ya miezi 6, ndiyo maana ana hamu ya vitu vyote hivi.

Kijana_wa_Kibokoni
Kaka! Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Ramadhani mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale inafungwa. Hakuna mahamri ya asubuhi, hakuna biriani ya adhuhuri. Mtapita kwenye vichochoro saa 6 mchana mkute milango imefungwa na watu wamelala. Mwenzako ni mjamzito, lazima ale mchana, kwa hiyo mtalazimika kutoka kwenda Moi Avenue au ng'ambo ambako mahoteli yako wazi kama kawaida.

Bi_Ubani
Hapo lazima niseme tofauti kidogo na nilivyosema mwanzo. Ghorofa ya pili Mji wa Kale kwa mwenye mimba ya miezi 6, hapana. Ngazi za nyumba zile ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima, na nyingine hazina pa kushika. Na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ni kaskazi, joto lake si la feni. Ninaloshikilia ni kisiwani. Tafuteni hoteli ya kawaida upande wa Moi Avenue au Haile Selassie, yenye lifti na AC. Mchana kula hotelini au jirani, alasiri tuktuk mpaka Mji wa Kale ni mwendo mfupi.

Lakini msije mkaahirisha safari kwa sababu ya Ramadhani! Hakuna mwezi Mombasa inapika kama mwezi huo. Kuanzia alasiri ya saa 10 meza zinatolewa nje: kaimati zinazong'aa shira, vitumbua, mkate wa sinia, tambi za sukari, sambusa za nyama, katlesi, viazi vya nazi, mihogo ya nazi, uji wa mtama, juisi ya ukwaju. Vingine mwaka mzima hamvioni barabarani, watu huvipika majumbani mwao. Ikifika adhana mji unanyamaza kidogo, halafu baada ya tarawehe watu wote wanarudi nje na wanakula mpaka usiku wa manane. Mwambie mwenzako alale mchana, atembee usiku.

Baharia_wa_Nyali
Mnaona sasa? Mgonjwa... samahani, mjamzito anayehitaji kula mchana, joto la kaskazi, hana ngazi za kupanda. Fleti ya Nyali yenye jiko, AC na lifti ndiyo jibu. Na kaskazi ndiyo majira ya samaki, bahari imetulia, wavuvi wanakwenda mbali. Kusi ungelalamika samaki hakuna.

Bi_Ubani
Mwenzangu, mtu ametoka Nairobi likizo, mkewe ana mimba, halafu unamtuma akapare samaki?

Mzenji
Jamani na mimi niingie. Kwa nini hamumwambii aende Unguja? Forodhani jioni ana kila kitu mahali pamoja: urojo, mishkaki, pweza, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na bahari iko hapo hapo. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, ni pazuri pa familia. Malazi Mji Mkongwe ni ya kila bei. Mombasa chakula kimetawanyika mno.

Dereva_Tuktuk
Mzenji, ametenga nauli ya treni 1,500 wewe unamwambia apande ndege. Na Ramadhani Unguja mchana mnakaza kuliko sisi, huyo mama mjamzito atakula wapi bila kujificha?

Mzenji
Hotelini kwake, kama wageni wengine. Na urojo wa Mombasa naujua, unga mwingi, embe haionekani. Nikipita huko huwa nakula biriani tu, na hata hiyo mnaweka viazi kana kwamba mnaficha upungufu wa nyama.

Kijana_wa_Kibokoni
Biriani ya Mombasa bila kiazi? Kiazi cha kukaanga kilichokunywa masala ndicho watoto wanachogombania sahanini!

Mpishi_Pangani
Niko Nairobi na napika kwenye shughuli, niseme kidogo. Biriani ya asili wali na nyama vinapangwa tabaka tabaka kwenye sufuria moja, inafunikwa, inawekwa makaa juu na chini, mvuke unafanya kazi. Ninyi pwani mnapika wali peke yake na masala peke yake mnakutanisha kwenye sinia. Hiyo ni wali na mchuzi mzito.

Bi_Ubani
Mpishi, usemalo ni la Kihindi na ni zuri, silipingi. Letu lina sababu yake. Masala ya Kiswahili yanakaa motoni muda mrefu: nyama imelazwa na papai bichi na mtindi, vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa kahawia na kukatika mkononi, nyanya zimekauka mafuta yakapanda juu. Ukiuweka wali ndani ya hayo unalowa na kuvunjika. Ndiyo maana wali unapikwa mbali, punje zimeachana, umetiwa zafarani na samli, na kila mtu anajichotea masala kwa kadiri anavyotaka. Harusi ya watu mia nne unailisha vipi kwa sufuria za tabaka?

Mpishi_Pangani
Nimezilisha, mama, kwa sufuria nyingi. Lakini hilo la vitunguu nakubaliana nawe kabisa. Wengi siku hizi wananunua vya pakiti, vina ladha ya mafuta ya zamani.

Nyota_ya_Nakuru
Kiatu, usisahau bustani ya Mama Ngina, pale juu ya bahari. Mihogo ya kuchoma imepasuliwa katikati, imepakwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu, na dafu pembeni. Mwenye mimba atapapenda, kuna upepo na viti. Kachiri, zile krispi za mihogo, pia nunueni hapo za kurudi nazo.

Kiatu_cha_Safari
Mwenzangu amesoma yote haya. Ameshaikataa Mji wa Kale kwa sababu ya ngazi, lakini fleti ya Nyali bado anaitaka kwa ajili ya bwawa. Mimi navutwa na hoteli ya mjini. Mwenye fleti amesema nikilipa kabla ya Ijumaa ananipunguzia. Nimemuuliza kuhusu tokeni, hajajibu.

Nyota_ya_Nakuru
Usilipe kabla hajajibu. Mwambie akutumie na ramani ya jengo lilipo.

Kijana_wa_Kibokoni
Nikuulize la mwisho: mwenzako anakula pweza? Maana kama anakula, kuna supu ya pweza usiku ambayo sijaona mtu ameitaja hapa.

Mzenji
Supu ya pweza nayo mje muonje ya kwetu.

Baharia_wa_Nyali
Na mikate ya mofa je? Mimi huwa naipata kwa kuagizia kwa bibi mmoja Kuze, siku hizi ameacha. Anayejua mwingine anayeoka kwenye tanuri la udongo, si kwenye ovena, anitumie ujumbe. Ramadhani inakaribia na nyumbani wananiuliza kila siku.